Tufe, mpira, kijiti cha kivuli au simu: uchague kipi kufundishia umbo na mizunguko ya dunia Kidato cha Kwanza

Mfumo wa jua, umbo la dunia, kujizungusha kwake, kulizunguka jua, latitudo na longitudo: mada hizi huja mapema Kidato cha Kwanza, na ndizo zinazowaacha wengi njiani. Vitu vyenyewe havionekani. Hakuna aliyewahi kuuona mhimili wa dunia. Tena kwa Tanzania, wanafunzi wengi wametoka shule ya msingi wakisoma kwa Kiswahili, na sasa somo linakuja kwa Kiingereza. Kitu anachokishika mkononi kinamwelewesha kabla maneno hayajamfikia. Kwa hiyo zana hapa si pambo la kumwonyesha mthibiti ubora akipita.

Shida ni kwamba kila zana husema ukweli kwenye jambo moja na kupotosha kwenye jingine. Mwalimu akitumia tufe kwa kila kitu, darasa linajifunza na makosa ya tufe. Hicho ndicho kipimo chetu katika ulinganisho huu: si bei wala kuvutia, bali kama upotoshaji wa zana unaligusa somo la siku hiyo.

| Zana | Inafaa zaidi kwa | Inapopotosha | Wanafunzi kwa zana moja |
|---|---|---|---|
| Tufe la kununua | Kusoma mahali, majira ya mwaka | Mstari mdogo, nchi ndogo. Mhimili huonekana kama unayumba | 8 hadi 10 |
| Mpira | Kuchora latitudo na longitudo, usiku na mchana | Hauonyeshi kitovu cha dunia. Mabara hayapo | 5 au 6 |
| Chungwa | Latitudo kama pembe | Ni dogo, na hutumika mara moja | 2 hadi 4 |
| Kijiti cha kivuli | Saa, kaskazini, jua la utosi | Kinaonyesha jua likitembea, si dunia | 10 |
| Mchoro wa ubaoni | Muhtasari na mtihani | Njia ya dunia kuwa yai | Darasa zima |
| Simu au projekta | Mwendo wa sayari | Umbali na ukubwa | Simu 4, projekta wote |

Latitudo na longitudo: mpira kwanza, tufe baadaye

Wengi huanza na tufe kwa sababu lipo ofisini. Tufe la kipenyo cha sentimita 30 ni dunia iliyopunguzwa kiasi cha mara milioni 42 na nusu. Tanzania nzima, toka kaskazini hadi kusini, hapo ni sentimita 2.8. Mwanafunzi wa dawati la tatu haioni. Mistari nayo imeshachorwa, kwa hiyo anaikuta kama alivyoikuta rangi ya bahari. Haulizi imetoka wapi.

Akiichora mwenyewe kwenye mpira, anauliza. Chukua mpira wa miguu namba 5 uliochakaa, ambao mzingo wake ni sentimita 68 hadi 70. Tukichukua 69, sentimita moja ni nyuzi 5.2 hivi. Hatua ni hizi:

1. Tundu la kujazia upepo liwe Ncha ya Kusini. Zungusha uzi kutoka hapo hadi urudi hapo hapo, ukunje uzi katikati. Nusu yake ndiyo Ncha ya Kaskazini.
2. Pima sentimita 17.2 kutoka ncha mojawapo, weka alama kama kumi kuzunguka mpira, ziunganishe. Hiyo ni ikweta.
3. Kwenye mstari wenyewe wa ikweta weka alama kila sentimita 5.75. Utapata 12, kila moja nyuzi 30. Ziunganishe na ncha zote mbili. Chagua mmoja uwe wa Greenwich, uandike 0.
4. Pima sentimita 4.5 juu na chini ya ikweta kupata Tropiki ya Kansa na ya Kaprikoni, na sentimita 12.75 kupata duara za Aktiki na Antaktiki.
5. Weka Dar es Salaam: sentimita 7.5 mashariki ya Greenwich ukifuata mstari wa ikweta, kisha sentimita 1.3 kusini.

Kosa la kawaida ni kupima zile 5.75 mahali pengine pasipo ikweta. Kwenye latitudo ya 60 nafasi kati ya mstari na mstari ni nusu tu ya ile ya ikweta, na kikundi kitakachopima huko kitabakiwa na mistari isiyotosha kuzunguka. Usiwasahihishe mapema. Waache wafike mwisho, kisha waulize kwa nini longitudo hukutana na latitudo hazikutani.

Kosa la pili ni la mwalimu. Ukiushika mpira mbele ya darasa, kaskazini juu, mashariki iko mkono wa kulia wa wanafunzi, yaani wa kushoto kwako. Mwalimu akinyoosha mkono wake wa kulia na kusema mashariki, darasa lote limeandika kinyume.

Mpira una kasoro moja isiyotibika: hauna ndani. Nyuzi 23.5 zinapimwa kutoka kitovu cha dunia, na mwanafunzi anayezipima kwa rula juu ya ngozi ya mpira anabaki akidhani latitudo ni umbali. Hapo chungwa linalipita tufe la bei yoyote. Chagua chungwa gumu, likate toka ncha hadi ncha, chora mstari wa ikweta kwenye nyama yake, weka kipimapembe katikati na upime 23.5. Mahali mstari unapotokea kwenye ganda ndipo Tropiki ilipo. Kuna faida ya ziada: vipande vya ndani ya chungwa vinakutana juu na chini kama longitudo zinavyokutana. Kwa kipindi cha dakika 40, hili lote linachukua kama dakika 15, pamoja na kula.

Tufe liingie baada ya hapo, kwa kazi ya kusoma mahali. Sasa wanajua mistari ni nini, na swali la "tafuta kilichopo 30 kaskazini na 31 mashariki" (utaangukia Cairo) lina maana.

Jambo moja ambalo tufe haliwezi kabisa kuonyesha ni kubonyea kwa dunia kwenye ncha. Kipenyo cha ikweta ni kilomita 12,756 na cha ncha hadi ncha ni 12,714. Kwenye tufe la sentimita 30 tofauti hiyo ni milimita moja. Vivyo hivyo Kilimanjaro, mita 5,895, ingekuwa moja ya saba ya milimita. Tufe lenye milima inayoguswa kwa kidole limetiwa chumvi mara nyingi, na ni vizuri darasa lijue.

Usiku na mchana: tochi au jua lenyewe?

Mpira na tochi vinatosha, ila tochi iwe mbali, mita mbili au zaidi. Ikikaribia sana inamulika chini ya nusu ya mpira, na wanafunzi wataandika kwamba usiku ni mrefu kuliko mchana kila siku. Kuzungusha nako kuna upande: toka magharibi kwenda mashariki, yaani ukitazama toka juu ya Ncha ya Kaskazini, kinyume cha mshale wa saa. Kama unasitasita, uliza: kati ya Dar es Salaam na Kigoma, ipi inaingia kwenye mwanga kwanza? Ikitangulia Kigoma, unazungusha vibaya.

Zana bora kuliko zote mbili ni tufe lililotolewa kwenye kishikio chake na kupelekwa nje juani. Liweke juu ya kata ya kubebea ndoo kichwani ili lisibingirike. Ligeuze hadi shule yenu iwe juu kabisa na Ncha ya Kaskazini ielekee kaskazini halisi. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, mhimili utakuwa karibu umelala. Basi, usiliguse tena. Jua linalimulika tufe sawasawa na linavyoimulika dunia saa hiyo. Upande wenye kivuli ndiko kuliko usiku. Ukingo wa kivuli ndiko jua linakozama au kuchomoza. Bandika njiti za kiberiti kwa gundi ya plastisini juu ya Mwanza, Cairo na Johannesburg, na vivuli vitatofautiana urefu na upande. Likifanywa Juni, Ncha ya Kaskazini ina mwanga na ya Kusini iko gizani hata dunia izunguke vipi. Zoezi hili halihitaji umeme, na halina udanganyifu wowote isipokuwa ukubwa. Matufe ambayo hayatoki kwenye kishikio hayafai hapa. Jambo la kuangalia kabla ya kununua.

Majira ya mwaka: hapa ndipo zana huponza

Mwanafunzi anaamini kuna joto dunia ikilikaribia jua na baridi ikiwa mbali. Dhana hii iko duniani kote, lakini kwetu ina ushahidi wa uongo wa kuisaidia. Dunia huwa karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, kilomita milioni 147, na mbali zaidi mwanzoni mwa Julai, kilomita milioni 152. Na sisi wa kusini ya ikweta Januari tunatoka jasho, Julai tunavaa sweta Iringa na Njombe. Inalingana kabisa! Maelezo ya kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya Ulaya hayaivunji dhana hii, kwa sababu huko mambo yako kinyume. Ulizia London: Januari hiyo hiyo, jua likiwa karibu, kwa nini kuna theluji?

Mchoro wa ubaoni ndio mtuhumiwa mkuu. Vitabu huchora njia ya dunia kama yai refu, kwa sababu inatazamwa toka pembeni. Ukweli ni kwamba ukichora njia hiyo yenye upana wa mita moja ubaoni, tofauti kati ya kipenyo kirefu na kifupi haifiki hata nusu ya milimita. Unene wa chaki unaifunika. Jua ndilo linalokaa pembeni kidogo ya kitovu, kiasi cha milimita 8. Kwa hiyo chora duara kwanza, weka jua, ndipo uchore ule wa mtihani wenye yai na useme waziwazi kwamba huu umetazamwa toka ubavuni.

Kwa somo hili tufe lenye kishikio kilichoinama nyuzi 23.5 linashinda mpira, mradi litembezwe ipasavyo. Weka taa katikati ya darasa. Chagua upande mmoja, tuseme mlangoni, na Ncha ya Kaskazini iinamie mlangoni siku zote. Anza na tufe likiwa upande ulio mkabala na mlango: ncha inainamia taa, na hiyo ni 21 Juni. Tembea kinyume cha mshale wa saa robo duara, 23 Septemba. Robo nyingine, upande wa mlango, ncha inaipa taa kisogo, 22 Desemba. Kisha 21 Machi. Walimu wengi huzungusha mwili pamoja na tufe, hivyo mhimili unaiangalia taa muda wote. Darasa linaona ncha ya kaskazini ikiwa na kiangazi mwaka mzima, na somo limekufa bila mtu kujua. Mpe mwanafunzi mmoja kazi moja tu: kupiga kelele mhimili ukiacha kuelekea mlangoni.

Mfano wa urefu wa siku usiutafute Dar es Salaam. Kati ya Juni na Desemba mchana wake hautofautiani hata kwa saa moja nzima, na mwanafunzi atasema ukweli akisema haoni tofauti. Tofauti anayoweza kuiona yeye ni upande wa kivuli, na hiyo ni kazi ya kijiti.

Kijiti cha kivuli: cha bure, lakini kina masharti

Ufito wa mita moja juu ya ardhi, wima. Uhakikishe kwa uzi wenye jiwe. Kijiti kilichoinama kidogo tu kinaharibu vipimo vyote. Uwanja uwe bapa. Kupata adhuhuri ya jua, yaani jua linapofika juu zaidi, watu huambiwa wasubiri kivuli kifupi kuliko vyote, lakini karibu na adhuhuri urefu hubadilika polepole mno, na kila kikundi kitataja dakika yake. Njia sahihi zaidi: asubuhi, kama saa 4:30, chora duara lenye kitovu kwenye kijiti na ukingo kwenye ncha ya kivuli. Andika saa. Mchana kivuli kitakaporefuka na kugusa duara tena, andika saa. Katikati ya saa hizo mbili ndiyo adhuhuri ya jua, na mstari unaogawa pembe ya vivuli hivyo viwili katikati ni kaskazini–kusini. Zoezi linakatiza ratiba, kwa hiyo panga mwangalizi. Halihitaji darasa zima kukaa juani.

Dar es Salaam tarehe 21 Juni, kijiti cha mita moja hutoa kivuli cha adhuhuri cha sentimita 58 kikielekea kusini. Tarehe 22 Desemba ni sentimita 30, kikielekea kaskazini. Vitabu vya Ulaya vinavyosema kivuli cha adhuhuri huelekea kaskazini havikosei, vinazungumzia kwao. Na katikati ya hapo kivuli hutoweka: Mwanza katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba, Dar es Salaam mwanzoni mwa Machi na karibu tarehe 10 Oktoba, Mtwara karibu 22 Februari na 20 Oktoba. Tanzania yote iko kati ya ikweta na Tropiki ya Kaprikoni, kwa hiyo kila mahali jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, na mara ya kwanza huangukia muhula wa kwanza. Liwekwe kwenye azimio la kazi mapema. Siku hizo zenyewe usitegemee kijiti kutafuta kaskazini.

Kwenye somo la saa kijiti hakina mpinzani. Dunia huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kwa saa, au dakika 4 kwa nyuzi moja. Saa ya Afrika Mashariki imewekwa kwa longitudo ya 45 mashariki. Dar es Salaam iko 39.3, hivyo adhuhuri yake kwa wastani ni saa 6:23 mchana, si saa 6 kamili. Kigoma, kwenye 29.6, ni kama saa 7:01. Dakika hizi huyumba kadiri ya mwaka: Dar es Salaam hufika 6:37 hivi katikati ya Februari na kurudi 6:07 mwanzoni mwa Novemba. Ndiyo maana ukikokotoa longitudo kwa kijiti kimoja unaweza kukosea hadi nyuzi 4.

Dawa ni shule mbili. Mwalimu wa Dar es Salaam na mwenzake wa Kigoma wafanye zoezi siku moja, simu zao zikiwa kwenye saa ya mtandao, watumiane saa ya adhuhuri. Ule uyumbaji unajifuta kwa kuwa ni sawa kote. Tofauti itakuja karibu dakika 39. Gawanya kwa 4 upate nyuzi 9.7. Wakikosea dakika mbili, wamekosea nusu ya nyuzi.

Kisha waulize kuhusu Bujumbura, longitudo 29.4, karibu sawa na Kigoma, lakini saa za ukutani zinatofautiana saa moja nzima. Swali hilo linatenganisha saa ya jua na saa ya nchi vizuri kuliko ufafanuzi wowote wa daftarini. Mstari wa Tarehe wa Kimataifa ufundishwe baada ya hapo, kwa tufe, dakika kumi.

Angalizo la hesabu: mwanafunzi anayesoma saa kwa Kiswahili ataandika saa 2 asubuhi kama 0200. Mtihani unataka 0800. Mfanyishe ubadilishaji huu peke yake kabla ya kuugusa mfano wa Greenwich, la sivyo hutajua kama amekosea jiografia au saa.

Mfumo wa jua: uwanja au skrini?

Simu na projekta zinaonyesha mwendo, na programu kama Stellarium inaweza kuonyesha anga la usiku juu ya shule yenu. Kwa mwendo, zitumie. Kwa umbali, usizitumie. Sayari zote zimebanwa zitoshe kwenye kioo.

Umbali ufundishwe uwanjani. Mpira namba 5, kipenyo sentimita 22, uwe jua. Dunia itakuwa punje ya milimita 2, ukubwa wa uwele au ulezi, mita 24 kutoka kwenye mpira. Mshtarii (Jupita) itakuwa gololi ya sentimita 2.3, mita 123, yaani nje ya goli la pili. Neptuni ni njegere ndogo, mita 710, huenda sokoni. Hakuna haja ya kufika huko. Kumtuma mwanafunzi mmoja hadi mita 123 kunatosha.

Ramani za simu zina kosa lake kwenye latitudo. Huandika Dar es Salaam kama −6.8, na mwanafunzi husoma nyuzi 6 dakika 8. Ni nyuzi 6 dakika 48, kwa kuwa nyuzi moja ina dakika 60, na alama ya kutoa maana yake ni kusini.

Ukiwa na nafasi ya kupata zana moja tu

Darasa la wanafunzi 60 lenye fedha ya tufe moja linafaidika zaidi na mipira kumi chakavu, kalamu ya maka na uzi. Mipira huombwa hata timu ya mtaani. Shule yenye tufe tayari iongeze ufito na kamba, wala isinunue la pili kabla ya kuhakikisha la kwanza linatoka kwenye kishikio. Projekta iwe ya mwisho, na pale umeme unapokatika katikati ya kipindi, tochi na mpira viwe tayari mezani.